Kituo cha Mafuta Mtaani: Jirani Ana Nafasi Gani ya Kusema?

Kumiliki ploti hakumpi mtu ruhusa ya kujenga kituo cha mafuta hapo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inamtaka apate kwanza kibali cha kaunti. Ikiwa ploti imetengewa makaazi, ni lazima aombe kubadilisha matumizi yake.

Ombi hilo hutangazwa kwa umma, na hapo ndipo jirani hupata nafasi ya kuwasilisha pingamizi. Ni vyema aandike mambo yanayoweza kukaguliwa: kisima kiko umbali gani, wanafunzi huvukia wapi, magari yataingilia upande upi. Matangi ya mafuta huzikwa ardhini. Yakivuja, maji ya kisima yanaweza kuharibika kabla ya yeyote kugundua.

Mwananchi asikawie. Kwa mujibu wa sheria, ombi lisilojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mizozo ya mipango ya ardhi.

Hata baada ya kaunti kuidhinisha, mwekezaji bado anahitaji leseni ya mazingira kutoka NEMA na kibali cha ujenzi kutoka EPRA. Anayejenga bila kibali cha kaunti anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili.