Baridi Kuliko Barafu: Siri ya Chupa ya Mpandishaji Ng'ombe

Hebu nianze kwa swali. Ni kitu gani baridi kuliko vyote ulichowahi kukiona hapa kwetu? Nilipowauliza wenzangu wa kidato cha tatu, wengi walisema ni barafu ya samaki, ile inayomwagwa juu ya mbuta kule Sori na Mbita. Mmoja akasema ni maji ya kuoga saa kumi na moja alfajiri, tukacheka. Hakuna aliyetaja ile chupa kubwa ya alumini inayofungwa nyuma ya pikipiki ya mpandishaji ng'ombe. Hata mimi nisingeitaja kama si yale yaliyompata nyanya yangu.

Nyanya anaishi Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Ana ng'ombe mmoja tu, chotara wa Ayrshire, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyonilipia karo tangu kidato cha kwanza. Mwajua wenyewe kwamba ng'ombe asipozaa hana maziwa. Basi mwaka jana ng'ombe alipoanza kulialia asubuhi na kuwapanda ndama wa jirani, nilimpigia simu mpandishaji. Alifika jioni, na hapo hakukosea, kwani ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi hupandishwa jioni, na wa jioni hupandishwa asubuhi yake. Akafungua chupa, akatoa mrija mwembamba wa mbegu za fahali, akafanya kazi yake, akapokea shilingi elfu moja mia tano, akaenda zake.

Baada ya siku 21 ng'ombe akalia tena. Tukamwita mtu yule yule, tukalipa tena. Siku 21 nyingine, kilio kile kile! Nyanya akaanza kusema ng'ombe amerogwa. Nami nikaanza kuhesabu karo ya muhula wa tatu.

Mara ya tatu tulimwita mtu mwingine kutoka upande wa Rongo. Huyu alipofika, kabla ya kumgusa ng'ombe, alichukua kijiti kirefu kikavu, akakitumbukiza chupani hadi chini, akangoja kidogo, akakitoa na kukipunga hewani. Sehemu ya chini ya kijiti ikavaa ukungu mweupe wa barafu, karibu shubiri nzima. "Unaona, kijana?" akaniambia. "Hapa ndipo naitrojeni ilipofika. Mwenye chupa isiyo na hii anakuuzia mbegu zilizokufa." Nikakumbuka kwamba yule wa kwanza hakupima lolote, na chupa yake ilitoa moshi haba sana. Siwezi kuapa mbele ya korti kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sababu, lakini nyanya ameshaapa.

Naitrojeni ni nini basi? Ndiyo hii hii hewa tunayoivuta. Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni. Ikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, huacha kuwa gesi ikawa majimaji yasiyo na rangi, ambayo ukiyatazama utadhani ni maji ya kunywa. Barafu ya samaki inayoyeyuka huwa kwenye nyuzi sifuri tu. Ukichukua mchana wa Homa Bay wenye nyuzi 31, kutoka hapo hadi ndani ya chupa ile ni nyuzi 227. Si mchezo!

Hewa hugeuzwaje majimaji? Hapa utanielewa kama umewahi kutia baiskeli upepo. Pampu hupata moto, kwa sababu hewa inayobanwa hupata joto. Hewa iliyobanwa ikifunguliwa ghafla, mambo hugeuka: weka kidole kwenye valvu ya gurudumu linapotolewa upepo, utahisi ubaridi. Mjerumani Carl von Linde mwaka wa 1895 aliitumia tabia hii. Hewa hubanwa sana, hupozwa, kisha huachiliwa ipenye katika tundu dogo na kutanuka. Inapoa zaidi. Hewa hiyo baridi hutumiwa kuipoza ile inayofuata kabla nayo haijapenya, na mzunguko huendelea hadi matone yaanze kudondoka. Oksijeni huwa majimaji kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, naitrojeni kwenye 196, kwa hivyo huweza kutenganishwa.

Mwisho wa baridi upo, ingawa joto halina kikomo tunachokifikia. Joto ni mtikisiko wa molekuli, na ukiuondoa wote unaoweza kuondoka, utakuwa umefika nyuzi 273.15 chini ya sifuri. Kipimo cha Kelvini huanza kuhesabu hapo. Hakuna aliyefika hapo kabisa. Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes alikaribia mwaka wa 1908 alipoigeuza heliamu kuwa majimaji kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Miaka mitatu baadaye aligundua kwamba zebaki ikiwa kwenye baridi ya namna hiyo hupitisha umeme bila kizuizi chochote. Mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku hutegemea ugunduzi huo.

Lakini turudi kwa ng'ombe wa nyanya. Nilichokuwa sielewi ni hiki: chupa ile haina umeme wala betri, na jua la Ndhiwa mnalijua. Mwalimu wetu wa fizikia alinijibu kwa sufuria. Maji yakichemka hubaki kwenye nyuzi 100 hata ukiongeza kuni, mpaka yakauke. Kumbe naitrojeni ile chupani inachemka wakati wote! Joto linaloingia huishia kuchemsha naitrojeni, na baridi haibadiliki. Siku tone la mwisho linapokauka, joto hupanda. Chupa yenyewe ina kuta mbili ambazo katikati yake hewa imenyonywa, sawa na chupa ya chai. Zote mbili ni wajukuu wa chupa aliyoibuni James Dewar mwaka wa 1892. Kizibo hakikazwi, kwa sababu lita moja ya naitrojeni hutoa karibu lita 700 za gesi, na chupa iliyozibwa kabisa ingepasuka kama bomu. Ndiyo maana pia haifai kuiweka katika chumba kilichofungwa, maana gesi hiyo huisukuma oksijeni nje na mtu akazimia bila kusikia harufu yoyote.

Na mbegu haifi kwa baridi hiyo? Zamani ilikuwa ikifa. Maji ndani ya chembe yakiganda hufanya vipande vikali vinavyoichana. Mwaka wa 1949 huko Uingereza, Christopher Polge na wenzake waligundua kwamba ukichanganya mbegu na gliserini, nyingi huokoka. Inasemekana gliserini ile ilikuwa katika chupa iliyobandikwa jina lisilo lake! Kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri uhai husimama kama saa iliyoisha betri, na mbegu hukaa miaka na miaka. Ikipata joto nusunusu kisha ikarudishwa kwenye baridi, barafu huichana na hakuna dawa. Mrija hutolewa mara moja tu na kutiwa katika maji ya vuguvugu, kama nyuzi 37, kabla ya kutumika. Mbegu nyingi za hapa Kenya hutoka Kabete, katika kituo kilichoanzishwa mwaka wa 1946 ambacho tangu 2011 ni Kituo cha Rasilimali za Jeni za Wanyama. Fahali hajawahi kufika Ndhiwa, lakini watoto wake wamo.

Baridi kali huokoa watu pia. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini na Ituri, Kongo, kati ya 2018 na 2020, chanjo yake ilihitaji kuwekwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Ilisafirishwa hivyo katika nchi yenye vijiji visivyo na umeme, na zaidi ya watu 300,000 wakachanjwa.

Nanyi mnaodhani fizikia ni ya Wazungu, mwulizeni Erasto Mpemba. Mwaka wa 1963 alikuwa kidato cha tatu kama mimi, shule ya Magamba, Tanganyika. Akaona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Akachekwa. Hakunyamaza, mwaka wa 1969 yeye na Dakta Denis Osborne waliandika makala, na wanasayansi wanabishana hadi leo.

Ng'ombe wa nyanya alizaa mtamba mwezi wa Aprili. Kijiti sasa kinakaa juu ya mlango wa zizi, kikavu, kirefu kama mkono, kisicho na tundu katikati, kwani chenye tundu hurusha naitrojeni usoni. Mpandishaji akifika, nyanya humsalimu, humpa kiti, kisha humpa kijiti.