SOMO: Mafao ya Askari Mstaafu na Ujira wa Mfuatiliaji

Wakuria wa Tarime na Serengeti wana historia ndefu katika kazi ya jeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vijana wao wengi waliandikishwa katika KAR, jeshi ambalo vikosi vyake vilipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Baada ya uhuru wengine waliingia JWTZ, na wakawamo katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Si ajabu, basi, chama cha msingi cha Kerende au cha kijiji cha jirani kuwa na wanachama ambao ni askari wastaafu, au wajane wa askari.

Pensheni, kiinua mgongo na mirathi ni haki, si hisani. Lakini kati ya haki na mfuko wa mwenye haki ipo njia ndefu ya karatasi: cheti cha ndoa, hati ya kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya Mahakama ya Mwanzo. Katika njia hiyo ndipo hujitokeza mtu aitwaye mfuatiliaji, ambaye huahidi kuyashughulikia yote kwa malipo.

Kumlipa mtu kwa jasho lake si kosa. Ubaya huanza pale ujira unapogeuzwa kuwa fungu la haki yenyewe. Chukua mfano wa mjane anayedai malimbikizo ya shilingi 4,000,000. Mfuatiliaji amesafiri mara mbili hadi Musoma na kutoa nakala za hati, gharama shilingi 120,000. Akilipwa shilingi 80,000 kwa kazi yake, jumla ni shilingi 200,000. Lakini wakiwa wamepatana theluthi, atachukua zaidi ya shilingi 1,333,000 kwa kazi ile ile. Tofauti hiyo ya zaidi ya shilingi 1,133,000 haikutoka katika jasho la mfuatiliaji. Imetoka katika chakula cha mayatima.

Sheria zinasemaje? Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye wakili kufanya kazi ya uwakili. Huyo ndiye watu humwita kishoka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kusajili wasaidizi wa kisheria, na msaada huo hutolewa bila malipo kwa wasio na uwezo. Aidha, ndugu wa marehemu wanaweza kuomba usimamizi wa mirathi wenyewe katika Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi anayeteuliwa hudaiwa orodha ya mali ndani ya miezi minne.

Tatizo hili si letu peke yetu. Marekani iliweka kikomo cha dola 5 kwa wafuatiliaji wa pensheni za askari mwaka 1862, kikapandishwa hadi dola 10 mwaka 1864. Mwaka 2006 adhabu ya jinai kwa wanaotoza isivyo halali iliondolewa, ingawa katazo lilibaki, na malalamiko ya wastaafu yakaongezeka. Kanuni isiyo na adhabu ni zizi lisilo na mlango.

Chama cha ushirika hakina mamlaka ya kutoa leseni kwa wafuatiliaji, wala ya kuamua mirathi. Hata hivyo kina mamlaka juu ya vitabu vyake na watumishi wake. Mkutano Mkuu unaweza kupitisha mambo haya:

1. Mwanachama ashauriwe kutompa mtu kazi bila mapatano ya maandishi, yaliyosomwa kwa sauti mbele ya shahidi anayemwamini.

2. Ujira utajwe kwa shilingi na kwa kazi, si kwa fungu. Kila malipo yawe na stakabadhi.

3. Kadi ya benki, namba ya siri na hati halisi zibaki kwa mwenyewe. Mfuatiliaji apewe nakala tu.

4. Fedha ziingie katika akaunti ya mwenye haki, au ya msimamizi wa mirathi, kamwe si ya mfuatiliaji.

5. Katibu asipokee chochote kwa kumpeleka mwanachama kwa mfuatiliaji, wala asikate fedha za kahawa kumlipa mtu huyo bila idhini ya maandishi ya mwanachama. Akikiuka, achukuliwe hatua na Bodi.

Katibu anayeweza kumwandikia mjane barua moja bure ameokoa zaidi ya bei ya magunia mengi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo unahusu pia mali ya marehemu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni wanachama wangapi wa chama chenu wana madai ya mafao, na nani anawasaidia?

2. Kwa nini ujira wa fungu humwumiza zaidi mwenye madai makubwa na karatasi chache?

3. Ni adhabu gani inamfaa mtumishi wa chama atakayeshirikiana na kishoka?