Usiguse Data Ghafi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Anayeingia Bioinfomatiki

Orodha hii ni ya kijana aliyekwisha kupewa nywila ya seva na sasa anadhani kazi iliyobaki ni kubonyeza. Bioinfomatiki, yaani kuchunguza viumbe kwa kompyuta kupitia vinasaba na protini zao, imeipa biolojia na tiba majibu ambayo hadubini haiwezi kuyatoa. Imewahi pia kuingiza wagonjwa wa saratani kwenye majaribio ya dawa kwa msingi wa jedwali lililosogea mstari mmoja. Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni utaratibu, nao ndio unaofuata. Usiponipenda kwa kuusema, sawa. Ufuate tu.

Anza na swali la mgonjwa. Kabla hujafungua programu yoyote, andika kwa sentensi moja kitakachobadilika zahanatini ukipata jibu. Ukishindwa kuiandika, funga kompyuta ukaongee na madaktari.

Tazama ilivyokuwa Rwanda. Tangu mwaka 2014, kutokana na kazi iliyofanyika Kambodia, ilijulikana kwamba mabadiliko fulani katika jeni ya kelch13 hukiwezesha kimelea cha malaria kustahimili artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto tunazomeza. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa badiliko mojawapo, R561H, limeonekana katika damu ya wagonjwa wa Rwanda. Swali la kwanza la mtu wa afya ni moja: limetoka wapi? Usugu dhidi ya klorokwini ulitufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 ukiwa na asili ya Asia, kwa hiyo wengi walitarajia historia ijirudie. Watafiti wakalinganisha vipande vya vinasaba vilivyo kushoto na kulia kwa badiliko hilo, wakakuta ni vya vimelea vya huku huku. Usugu ulikuwa umezaliwa nyumbani, na hakuna ukaguzi wa mpakani ambao ungeuzuia.

Hawakuishia hapo, na hili ndilo nataka ulishike. Walilipachika badiliko hilo kwenye kimelea maabarani, na kweli kikastahimili dawa. Mwaka uliofuata ikachapishwa taarifa ya wagonjwa ambao vimelea vilichelewa kuisha katika damu yao. Kisha R561H ikaonekana Kagera nchini Tanzania, upande wa Karagwe, huku mabadiliko mengine ya jeni hiyo hiyo yakijitokeza kaskazini mwa Uganda. Chini ya hadubini, kimelea sugu na kisicho sugu huwezi kuvitofautisha.

Usiguse data ghafi. Faili lililotoka kwenye mashine ya kusoma vinasaba lifungwe lisiandikike, na nakala mbili zikae majengo mawili tofauti. Kazi zote zifanyike kwenye nakala ya tatu. Ukipakua data, linganisha namba ya md5, inayothibitisha kwamba faili ni kamili, na ile iliyotolewa na mwenye data. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati, utabaki na nusu faili, na programu nyingine zitalichakata hilo nusu bila kulalamika.

Usifungue orodha ya jeni kwa Excel. Ukifungua faili lenye jeni iitwayo SEPT2, Excel kwa mazoea yake huigeuza kuwa tarehe 2 Septemba, wala haikuulizi. MARCH1 inakuwa tarehe 1 Machi. Uchunguzi uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba kati ya makala za kisayansi zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel, takriban moja katika kila tano ilikuwa na kosa la namna hii. Kufikia mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilikuwa imesalimu amri: SEPT2 sasa ni SEPTIN2, na MARCH1 ni MARCHF1. Yaani jeni zimebadilishwa majina ili kuiridhisha programu ya wahasibu! Cheka ukipenda, lakini orodha za zamani bado zimejaa mtandaoni, na siku moja utapakua mojawapo.

Usitegemee kumbukumbu kwenye lebo. Lebo itoke kwenye karatasi ya zahanati hadi kwenye kompyuta kwa msimbo pau, au kwa watu wawili wakisomeana kwa sauti. Ukiona hayo ni ya kupoteza muda, sikia ya Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mwaka 2006 watafiti wa hapo walichapisha kwamba, kwa kutazama jeni zinazofanya kazi ndani ya uvimbe, wanaweza kutabiri dawa ipi ya saratani itamfaa mgonjwa yupi. Kila mtu alifurahi. Majaribio kwa wagonjwa yakaanza. Wanatakwimu wawili wa Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walijaribu kurudia hesabu zile, zikagoma. Wakachimba. Wakakuta orodha ya jeni imesogea mstari mmoja, kila jina limekaa kwenye namba za jirani yake. Wakakuta pia sampuli zilizokuwa sugu kwa dawa zimeandikwa kuwa zinatibika kwayo, na zinazotibika zimeandikwa sugu. Mgonjwa anayechaguliwa dawa kwa jedwali kama hilo anaweza kupewa ile ile isiyomfaa.

Baggerly na Coombes walipiga kelele kwa miaka kabla ya kusikilizwa. Majaribio yalisimamishwa moja kwa moja mwaka 2010, makala zaidi ya kumi zikafutwa, na mwaka 2015 mamlaka ya Marekani inayosimamia uadilifu wa utafiti ikahitimisha kwamba mmoja wa watafiti alikuwa ameghushi data. Zingatia mpangilio wa mambo: udanganyifu ulijificha nyuma ya makosa ambayo kila mtu angeyaita ya kawaida. Basi weka skripti zako na data zako wazi, ili asiyekupenda aweze kurudia hesabu bila kukuomba ruhusa.

Taja toleo, taja uzi, taja unapoanzia kuhesabu. Selimundu husababishwa na herufi moja iliyobadilika katika jeni ya beta-globini, kwenye kromosomu ya 11. Ni herufi moja katika takriban bilioni tatu, lakini ina anwani nyingi. Ukitumia jenomu rejea ya GRCh37, ipo nafasi ya 5,248,232. Ukitumia GRCh38, ipo 5,227,002. Kitabuni unasoma kwamba A imekuwa T. Kwenye faili lako unaona T imekuwa A, kwa kuwa jeni hiyo husomwa kutoka uzi wa pili. Mwalimu wako anasema asidi amino iliyobadilika ni ya sita. Ripoti ya leo inasema ya saba, maana inahesabu na ile ya kwanza kabisa ambayo hukatwa protini ikikomaa. Juu ya hayo, faili la maeneo ya jenomu, BED, huanza kuhesabu kwa sifuri, ilhali la mabadiliko, VCF, huanza kwa moja.

Hizo zote ni sahihi. Kosa ni kuchukua namba ya toleo moja ukaitafuta kwenye toleo jingine, ukakuta herufi ya kawaida, ukamwandikia mzazi kwamba mtoto wake ni mzima. Ripoti isiyotaja toleo la jenomu rejea irudishwe kwa aliyeiandika.

Usikisome kimelea kana kwamba ni binadamu. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya damu yetu kina seti moja tu ya kromosomu, 14 kwa jumla. Sisi tuna seti mbili. Programu nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya binadamu, na usipozibadilishia mipangilio zitakuambia kimelea chako kimerithi nakala mbili tofauti za jeni. Hakijarithi chochote cha namna hiyo. Huyo ni mgonjwa mwenye vimelea vya koo tofauti kwa wakati mmoja, jambo la kawaida kabisa penye malaria nyingi. Tena jenomu hiyo, iliyochapishwa mara ya kwanza 2002, takriban asilimia 80 ya herufi zake ni A na T, kwa hiyo vipande vingi hufanana mno na programu huvibandika pasipo pake. Familia ya jeni za var ndiyo mbaya zaidi. Kama mashine yako husoma vipande vifupi tu, usiiguse.

Ondoa kisicho chako. Tone la damu ya mgonjwa lina vinasaba vingi vya mgonjwa mwenyewe, na chupa ya maabara ina vya bakteria. Mwaka 2015 kundi moja lilitangaza kwamba takriban moja ya sita ya jeni za tadigradi, mnyama mdogo sana wa majimaji anayesifika kwa kutokufa hovyo, ameziazima kutoka viumbe wengine. Ulimwengu ukashangaa kwa siku chache. Kundi jingine lilikuwa limesoma mnyama yule yule, likaonyesha kwamba sehemu kubwa ya jeni hizo ilikuwa uchafu wa bakteria. Matokeo ya kustaajabisha yachukulie kuwa uchafu mpaka yathibitike vinginevyo.

Usiandike "Waafrika" kama huna Waafrika. Katika mradi wa kimataifa wa jenomu 1,000 wamo Waluhya wa Webuye, magharibi mwa Kenya. Mwongozo wa matumizi ya sampuli zao unataka waitwe hivyo hivyo, Waluhya wa Webuye, wasigeuzwe kuwa Wakenya wote, sembuse bara zima. Mhadzabe na Msomali wana historia ndefu ya kutengana, na kijedwali chako hakiwezi kuifuta.

Uzembe huu una waathirika. Mwaka 2016 ilichapishwa Marekani taarifa ya wagonjwa wenye asili ya Afrika walioambiwa wana badiliko la jeni linaloleta ugonjwa wa kurithi wa kunenepa kwa misuli ya moyo. Badiliko lenyewe kumbe ni la kawaida kwa watu weusi na halina madhara. Waliolitia kwenye orodha ya hatari walikuwa wamelinganisha na makundi yasiyo na watu weusi wa kutosha. Wangeweka hata wachache tu, kosa lingeonekana mapema.

Tazama rangi kabla ya umbo. Programu ya AlphaFold inakisia umbo la protini kutokana na mfuatano wake, na imewapatia waundaji wake sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2024. Kwenye picha zake, buluu ni uhakika mkubwa. Njano na rangi ya chungwa ni programu inakuambia haijui. Usibuni dawa juu ya rangi ya chungwa.

Usiishie kwenye orodha ya jeni. Hapa ndipo wengi wanapofia: wanachapisha orodha, wanapandishwa cheo, basi. Rudi kwenye selimundu. Mtoto mwenye ugonjwa huo haumwi miezi ya mwanzo kwa kuwa bado ana hemoglobini ya tumboni, ile aliyokuwa nayo kabla ya kuzaliwa, na mtu mzima aliyebakiwa na nyingi ya hiyo huumwa kwa nafuu. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walipekua jenomu za Wazungu, wakiwemo watu wa kisiwa cha Sardinia, kutafuta kinachoamua kiasi cha hemoglobini hiyo. Kompyuta ikawaonyesha jeni iitwayo BCL11A kwenye kromosomu ya 2, ambayo hakuna aliyeihusisha na jambo hilo. Maabara ikathibitisha kwamba ukiizima, hemoglobini ya tumboni hurudi. Mwaka 2013 ikapatikana swichi yake inayofanya kazi kwenye chembe za damu nyekundu, na hivyo ikawezekana kuikata bila kuiharibu jeni yenyewe mahali pengine mwilini. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba inayokata swichi hiyo, na Marekani ikafuata mwezi uliofuata.

Ni miaka 16 kutoka nukta kwenye grafu hadi kwa mgonjwa, na kila hatua ilihitaji mtu aliyekataa kuridhika na iliyotangulia. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Usiniambie bei si kazi ya bioinfomatiki. Wanaotafuta swichi nyingine, au njia ya kuifikia hii kwa sindano ya kawaida, wanafanya bioinfomatiki.

Heshimu ridhaa, kisha usifiche. Damu iliyotolewa kwa ajili ya malaria isipimwe ukoo wa mtu. Kufuta jina hakutoshi: mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba mtu anaweza kutambuliwa kutokana na jenomu isiyo na jina, kwa msaada wa tovuti za nasaba. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Zisome mwenyewe. Lakini mfuatano wa kirusi au kimelea hatari usiukalie ukingoja makala. Januari 2020 mfuatano wa kirusi cha korona, herufi karibu 30,000, uliwekwa wazi, na ndani ya siku chache chanjo ilikuwa imekwisha kubuniwa kwenye kompyuta. Afrika Kusini ilitangaza aina mpya ya kirusi hicho, Omicron, Novemba 2021, ikalipwa kwa kufungiwa safari za ndege. Ilikuwa dhuluma. Tangaza hivyo hivyo.

Rudisha matokeo yalikotoka damu. Makala ya Kiingereza kwenye jarida la kulipia si kurudisha. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa mganga mkuu wa wilaya: tumepima sampuli ngapi, tumeona nini, dawa au kipimo mnachotumia bado kinafaa au hakifai. Eritrea ilipobaini kwamba vimelea vyake vingi vimepoteza jeni ya hrp2, ambayo protini yake ndiyo inayotafutwa na vipimo vingi vya haraka vya malaria, ilibadilisha vipimo mwaka 2016. Wagonjwa waliokuwa wakiambiwa hawana malaria ilhali wanayo wakaanza kuonekana. Kama ukurasa wako bado haujaandikwa, utafiti wako haujaisha.