Jiwe la Uluguru na Uzito wa Risasi

Mwanafunzi wa Korogwe ya Zamani afundishwapo habari za atomu husikia majina ya Manchester, Paris na Vienna, akadhani kwamba elimu hiyo yote ni ya mbali. Sivyo. Jiwe mojawapo lililosaidia kuiangusha kanuni ya kale ya atomu lilitoka katika milima ya Uluguru, Morogoro. Na miamba ya milima hiyo ni ya Ukanda wa Msumbiji, ukanda uleule upitao Handeni na Usambara.

Kanuni yenyewe ni ya John Dalton. Mwaka 1808 alieleza kwamba atomu haigawanyiki, na kwamba atomu zote za elementi moja zina uzito mmoja. Mwaka 1896 Henri Becquerel akaona kuwa chumvi za urani hutoa mionzi zenyewe, pasipo kuangazwa na jua. Miaka miwili baadaye Marie na Pierre Curie waligundua poloniamu na radiamu. Mwaka 1902 Ernest Rutherford na Frederick Soddy wakatoa dai zito: atomu nururifu hujivunja, ikawa atomu ya elementi nyingine.

Hebu tufanye hesabu. Atomu ya urani ina uzito wa 238. Katika safari yake hadi kuwa risasi hutoa chembe 8 za alfa, kila moja yenye uzito wa 4. Toa 32; inabaki 206. Thoriamu, yenye uzito wa 232, hutoa chembe 6, inabaki 208. Lakini risasi ya kawaida, kama ile ya betri ya gari, ni 207.2. Basi, ikiwa dai ni kweli, risasi iliyozaliwa ndani ya jiwe la urani sharti iwe nyepesi kuliko ya kawaida, ingawa kikemia hazitofautiki. Atomu za namna hiyo Soddy aliziita isotopu mwaka 1913.

Kulithibitisha jambo hilo kulihitaji jiwe safi. Risasi ya madini ya Joachimsthal, ambako Marie Curie alipata malighafi yake, ilitoa 206.4, kwa kuwa ilichanganyika na risasi ya kawaida. Fuwele za uraniniti za Morogoro zilikuwa safi zaidi. Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz waliitoa risasi yake, wakaisafisha na kuipima: 206.05! Dalton alikuwa amekosea. (Nakiri kwamba habari hii niliisoma kwa mara ya kwanza ughaibuni, nikiwa mtu mzima.) Hata Rutherford ana kumbukumbu yake huko: madini ya njano yatokanayo na uraniniti hiyo yaliitwa rutherfordini na Willy Marckwald mwaka 1906.

Risasi hiyo ni saa pia. Nusu ya atomu za urani ya 238 huvunjika kwa muda wa miaka bilioni 4.5, wala joto wala baridi haviuharakishi. Hivyo uwiano wa risasi na urani katika fuwele huonyesha umri wake. Za Uluguru zina zaidi ya miaka milioni 600. Miamba ya Usambara, inayoonekana kutoka Korogwe, haina fuwele kama hizo, ila ina punje za zikoni zenye urani kidogo mno. Wanajiolojia wamezipima kwa njia hiyohiyo, nazo zimetaja zama zilezile.