Zana na Hazina za Mwenye Kutaka Kuunda Michezo ya Kompyuta

Vijana wa Kolandoto na wa vitongoji vya Shinyanga wanaotamani kuunda michezo ya kompyuta aghalabu huniuliza kwanza habari ya mashine na bei yake, nami, niliyejifunza kazi hii kwa laptopu kongwe na bando la kuhesabu, huanza kwa kumtaja mtu kabla ya chombo. Lual Mayen, Msudani Kusini aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alipata kompyuta yake kwa dola 300 ambazo mama yake alizidunduliza kwa miaka mitatu. Akawa hutembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji, na katika dhiki hiyo akaunda Salaam, mchezo wa simu wenye kuhubiri amani.

Chombo ninachokipendekeza bila kusita ni Godot, injini iliyoasisiwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014. Haidai ada wala fungu la mapato, faili lake la kupakua halifiki megabaiti 200, na maelezo ya amri zake yamo ndani ya programu yenyewe, hata mtandao ukikatika unabonyeza F1 ukasoma. Ufunguapo mradi mpya, chagua njia ya uchoraji iitwayo Compatibility, iliyokusudiwa simu na mashine dhaifu. Violezo vya kusafirishia mchezo ni vizito, takriban gigabaiti moja. Vipakue mara moja penye mtandao wa nafuu, uvitie kwenye flashi, kisha umgawie na mwenzio, maana leseni yaruhusu. Unity, injini nyingine, nayo ni hodari, lakini Septemba 2023 wenyewe walitangaza ada ya kila usakinishaji, wakaifuta mwaka mmoja baadaye kwa ghadhabu ya waundaji, nami sioni busara kwa fukara kujenga juu ya ardhi ambayo kodi yake yaweza kugeuzwa usiku mmoja.

Kwa picha, tumia Krita, na Blender utakapohitaji maumbo ya pande tatu. Kwa sauti, Audacity. Asiyejua kuchora asikate tamaa: tovuti ya Kenney, ya Uholanzi, imetoa maelfu ya picha na sauti bila sharti, hata la kumtaja mwenyewe.

Ama ubunifu wa kanuni, hapo ndipo ilipo elimu yenyewe, na hazina yake tunaishi nayo. Anza na bao la kujifunza: mashimo 32, kila shimo kete mbili. Andika msimbo wa kusambaza kete moja moja. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu imelala. Ikiangukia shimo lenye kete katika safu ya mbele, na shimo la mpinzani linaloelekeana nalo halikuwa tupu, unakula. Atakayelikamilisha hilo amekwisha kujua orodha, sharti, marudio na zamu, yaani nusu ya kazi ya msimbo. Kisha tazama mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, ambamo makundi mawili ya Kisukuma hucheza kwa wakati mmoja na ushindi huwa wa yule aliyevuta umati mkubwa zaidi: humo watazamaji ndio alama, nao huhama mbele ya macho yako. Natamani sana kuuona mchezo wa simu uliojengwa juu ya kanuni hiyo, kwa kuwa sijauona mahali popote.

Cheza pia kazi za wengine, nawe ukizidurusu. Stardew Valley ya mwaka 2016, kazi ya Eric Barone peke yake, itakufunza jinsi kilimo cha kila siku kinavyomfunga mchezaji. Papers, Please ya Lucas Pope, ya mwaka 2013, itakuonyesha kwamba meza, pasipoti na muhuri vyatosha kuitikisa dhamiri. Na Tales of Kenzera: Zau ya mwaka 2024, ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, itakusikizisha Kiswahili vinywani mwa mashujaa.

Mchezo wako wa kwanza uwe wa skrini moja. Ukishasimama, mpe simu jirani asiyeelezwa neno, ukae kando ukiandika kila mahali kidole chake kinaposita, na urekebishe hapo kabla hujaongeza picha hata moja.