Kilomita 97 kwa Siku Tatu: Jinsi ya Kushiriki Matembezi ya Hisani ya Saratani ya Matiti

Kama unaishi Marekani, huenda umewahi kukutana barabarani na msururu wa watu waliovaa pinki kuanzia kofia hadi soksi, wanatembea kwa miguu huku magari yakiwapigia honi za kuwapa moyo. Watu hao wanatembea maili 60, yaani karibu kilomita 97, kwa siku tatu mfululizo, na kila mmoja wao amechangisha fedha kwa ajili ya mapambano dhidi ya saratani ya matiti. Matembezi yenyewe yanaitwa Susan G. Komen 3-Day. Kwa anayetaka kuupima umbali huo kwa njia za nyumbani, ni zaidi kidogo ya Nairobi hadi Naivasha, na pungufu kidogo ya Dar es Salaam hadi Chalinze. Mtu wa kawaida, mwenye kazi na watoto, anaweza kuumaliza. Anachohitaji ni kuanza mapema.

Susan Komen ni nani? Alikuwa mama wa Kimarekani aliyefariki kwa saratani ya matiti mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 36. Mdogo wake, Nancy Brinker, alimwahidi kwamba atafanya kila awezalo ugonjwa huo usiendelee kuua wanawake wengine, na mwaka 1982 akaanzisha shirika lenye jina la dada yake. Fedha za matembezi huenda kwenye utafiti, kwenye msaada kwa wagonjwa na kwenye elimu kwa umma. Ukitaka kujua hasa zinatumikaje, omba kuona fomu namba 990. Hiyo ni taarifa ya fedha ambayo mashirika ya hisani Marekani huiwasilisha serikalini kila mwaka, na mtu yeyote ana haki ya kuisoma.

Ugonjwa huu unatugusa kwa karibu sisi Waafrika tuliohamia Marekani. Nchini Marekani, wanawake weusi hufariki kwa saratani ya matiti kwa kiwango kinachokaribia asilimia 40 zaidi ya wanawake weupe, ingawa wanaougua si wengi kuwazidi. Sababu mojawapo ni kuchelewa kugundulika na kuchelewa kuanza tiba. Nyingine ni kwamba aina kali ya saratani hii, ile isiyosikia dawa za homoni, huwapata wao zaidi. Mama zetu, dada zetu na mashangazi waliohamia huku wanahesabiwa katika kundi hilo hilo.

Nani anaruhusiwa kushiriki? Huhitaji kuwa mwanariadha, wala raia wa Marekani. Wanaume wanakaribishwa, na wapo wengi. Waliopona saratani hutembea, na hata baadhi ya wanaoendelea na tiba. Hakuna mshindi wala medali ya wa kwanza. Haya ni matembezi, si mbio. Ila kama una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au magoti yanayokusumbua, zungumza na daktari wako kabla ya kujiandikisha, na umwambie wazi: maili 20 kwa siku, siku tatu. Ukimwambia tu kwamba unataka kutembea kidogo, atakupa jibu la kutembea kidogo.

Miji hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo angalia ratiba ya mwaka husika kwenye tovuti ya shirika. San Diego, ambako hufanyika mwezi Novemba, imedumu kuliko mingi. Unajiandikisha kwa intaneti: jina, umri, mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, na malipo ya ada kwa kadi. Ada huwa nafuu kwa wanaowahi na hupanda kadiri siku zinavyosogea.

Sasa tuje kwenye gharama, maana hapa ndipo watu hushtuka. Ada ya kujiandikisha ni mlango tu. Juu yake kuna kiwango cha chini cha mchango ambacho lazima ukifikishe ili uruhusiwe kutembea, na kwa miaka mingi kiwango hicho kimekuwa dola 2,300. Ada haihesabiwi ndani yake. Kisha kuna gharama zako mwenyewe: viatu vizuri, ambavyo ni dola mia moja na zaidi, soksi, begi la kulalia, nauli kama unatoka mji mwingine, na hoteli ya usiku wa kuamkia siku ya kwanza. Chakula, maji na hema kambini vimo ndani ya matembezi. Soma vizuri masharti yanayohusu mtu asiyefikisha kiwango, kwa sababu unaweza kutakiwa kujaza pengo kwa fedha zako.

Dola 2,300 si haba, lakini sisi ni watu wa michango. Tunachangia harusi, misiba, karo za watoto na tiketi za kusafirisha marehemu kwao. Kamati ya harusi inapokaa, hakuna anayeuliza kama fedha zitapatikana; linaloulizwa ni nani ameahidi na nani bado. Fanya vivyo hivyo. Chukua karatasi uandike majina. Watu kumi wakitoa dola 100 kila mmoja, ishirini wakatoa dola 50, na kumi na wawili wakatoa dola 25, umefika. Hao ni watu arobaini na wawili, na kundi moja la WhatsApp la ukoo au la watu wa kwenu linaweza kuwa na wengi kuliko hao.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kutuma kiungo cha ukurasa kwenye kundi na kunyamaza. Kiungo hakina uso. Mpigie mtu simu kwanza, msabahi, muulize habari za watoto, kisha mweleze. Ujumbe uje baada ya simu, na uwe kama huu: “Shikamoo mama mkubwa. Kama tulivyoongea, mwezi wa kumi na moja nitatembea kilomita 97 kwa siku tatu kuchangia mapambano dhidi ya saratani ya matiti. Natembea kwa ajili ya marehemu shangazi. Naomba uniunge mkono kwa dola 50, au chochote ulichojaliwa. Kiungo hiki hapa.” Zingatia kwamba umetaja kiasi. Usipotaja, watu huahirisha kwa sababu hawajui watoe ngapi bila kuona haya. Aliyeahidi mkumbushe mara moja kwa upole, na usimwanike kwenye kundi.

Fedha zote zipite kwenye ukurasa wako rasmi wa kuchangisha, unaofunguliwa unapojiandikisha. Usizikusanye kwenye akaunti yako ukisema utazipeleka baadaye. Hata kama u mwaminifu, mtoaji hatapata stakabadhi, na bila stakabadhi hawezi kudai punguzo la kodi. Akikupa mtu fedha taslimu, ziingize siku hiyo hiyo kwa jina lake. Ndugu walio Kenya wasio na kadi ya benki wanaweza kutengeneza kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya M-Pesa, huduma inayoitwa GlobalPay, na kulipia nayo kwenye kurasa zinazopokea Visa. Kisha uliza ofisi ya rasilimali watu kazini kwako kama mwajiri huongezea michango ya wafanyakazi. Kampuni nyingi kubwa na hospitali hufanya hivyo: mfanyakazi akitoa dola 100, mwajiri naye anatoa 100. Wengi wetu tunafanya kazi mahali penye utaratibu huu kwa miaka bila kuujua.

Na kama kiwango hicho kweli hukiwezi mwaka huu? Njia bado zipo. Unaweza kujitolea kama mhudumu wa matembezi: kugawa maji, kubeba mizigo, kuongoza watu kwenye makutano ya barabara. Wahudumu hawabanwi na kiwango cha wanaotembea. Ipo pia MORE THAN PINK Walk ya shirika hilo hilo, matembezi mafupi ya siku moja yanayofanyika katika miji mingi, na hayo ndiyo ningemshauri mwenye watoto wadogo aanze nayo. Walioko Uingereza wana MoonWalk London, iliyoanzishwa na Nina Barough mwaka 1998. Hutembewa usiku mwezi Mei, na washiriki huvaa sidiria zilizopambwa. Anayependa kujisitiri huivaa juu ya nguo zake. Kwa miaka hii mazoezi yake huangukia Ramadhani, kwa hiyo anayefunga apange kutembea baada ya futari.

Kwa anayekwenda 3-Day, mazoezi huanza miezi sita kabla, kama wiki 24. Wiki za mwanzo tembea nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea bila kuhema. Halafu kila wiki ongeza kidogo safari moja ndefu. Kuanzia katikati ya mazoezi, tembea mbali Jumamosi na urudie Jumapili, kwa sababu mtihani wa matembezi haya ni kuamka siku ya pili na miguu iliyochoka. Wiki chache kabla ya siku yenyewe uwe umefikia kama maili 18 Jumamosi na 15 Jumapili, kisha upunguze ili mwili upumzike. Pale pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembea ukiyaelekea magari, na masikio yawe wazi.

Kinachowatoa watu njiani mara nyingi ni miguu yenyewe. Nunua viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na uchukue vinavyokuzidi nusu saizi au saizi nzima, kwa sababu baada ya maili kumi mguu hutanuka. Nunua mapema, uvitembelee mazoezini, na usiende na viatu vipya. Soksi za pamba achana nazo. Pamba hunyonya jasho na kukaa nalo, ngozi inalainika, inasuguka, lengelenge linatoka. Chagua za sufu nyembamba au za nyuzi zinazokausha jasho, na ubadilishe jozi nyingine wakati wa chakula cha mchana. Asubuhi paka mafuta ya mgando katikati ya vidole na kwenye kisigino, na kwenye mapaja pia kama husuguana. Ukisikia sehemu moja ya mguu inapata moto, simama hapo hapo na uibandike plasta. Ukisema utaibandika kituo kijacho, utakikuta kituo hicho ukiwa na lengelenge. Kata kucha siku tatu nne kabla ya safari, si usiku wa kuamkia.

Kunywa kidogo kidogo njia nzima, lakini usinywe maji matupu siku nzima. Jasho hutoa chumvi, na ukijaza maji bila kuirudisha, chumvi ya damuni hushuka: kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, unachanganyikiwa. Badilisha maji na vinywaji vya chumvichumvi vinavyotolewa vituoni, na ule vitafunwa vyenye chumvi. Akina mama wanaovaa hijabu watembee na kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na suruali pana chini ya vazi refu, ili mapaja yasichubuke. Masuala ya nyama halali yaulize kwa waandaaji mapema. Sala haina shida: vituo vya mapumziko viko kila baada ya maili chache, na mkeka mdogo wa kukunja hauna uzito.

Siku yenyewe inaanza karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maili 20 kwa mwendo wa wastani ni karibu saa saba za kutembea, ukiongeza mapumziko unaingia kambini alasiri au jioni. Barabara hazifungwi, kwa hiyo unasubiri taa kama mtu mwingine yeyote. Vituo vina vyoo, chakula na wahudumu wa afya, na ukishindwa kuendelea kuna gari linalokuchukua hadi kituo kinachofuata. Kulipanda si aibu. Kesho yake unatembea tena. Jioni mnalala kwenye mahema ya pinki, wawili wawili. Siku ya mwisho, katika hafla ya kufunga, waliougua saratani huingia uwanjani pamoja, na wanaotembea huvua kiatu kimoja na kukinyanyua juu kwa heshima yao. Bibi wa miaka sabini na kitu akiwa amesimama kwa mguu mmoja, soksi imechafuka, kiatu juu, analia: utaiona picha hiyo, uwe na leso.

Katika miezi hiyo ya mazoezi, nenda ukapimwe na wewe. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2024 unasema wanawake wa miaka 40 hadi 74 wapigwe picha ya matiti, yaani mamografia, kila baada ya miaka miwili. Mwenye mama au dada aliyeugua amuulize daktari kama aanze mapema. Ukiona uvimbe, chuchu iliyoingia ndani, ngozi inayobonyea au majimaji yanayotoka bila sababu, usisubiri umri wala zamu. Asiye na bima na mwenye kipato kidogo anaweza kupimwa bure au kwa bei nafuu kupitia mpango wa serikali ulio chini ya CDC, yaani kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa. Ulizia kwa simu 1-800-232-4636. Komen nao wana simu ya ushauri, 1-877-465-6636. Hospitali zinazopokea fedha za serikali zinatakiwa kukupatia mkalimani bila malipo, kwa hiyo mpeleke mama yako na uombe wa Kiswahili wakati wa kuweka miadi. Usimfanye mtoto awe mkalimani wa habari kama hizi.

Ukirudi nyumbani, jipe siku mbili tatu kabla ya kurudi kwenye kazi ya kusimama. Fuatilia fomu ya mwajiri ya kuongezea michango, kwa sababu ina mwisho wa kupokelewa. Waandikie waliokuchangia, mmoja mmoja, na uwatumie picha. Lengelenge lisilopasuka liache. Lililopasuka lioshe kwa maji na sabuni, ulifunike, na likivimba, likitoa usaha au ukipata homa, nenda kliniki. Ukucha uliogeuka mweusi usiung'oe. Utadondoka wenyewe, na mwingine utakuwa umeanza kuota chini yake.