PAKA ACHAFUAYE NYUMBA: KUTAFUTA CHANZO KABLA YA ADHABU

Msamvu ni mahali ambapo barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa hukutana mjini Morogoro. Hapo pana kituo kikubwa cha mabasi, maduka, na nyumba nyingi zilizosongamana. Katika nyumba hizo aghalabu paka hafugwi kwa pambo, bali hufugwa ili azuie panya wasiharibu mahindi na mchele. Inapotokea kwamba paka huyo ameanza kukojoa jikoni au kunya chini ya kitanda, mara nyingi hupigwa, au hutiwa katika gunia akatupwe mbali. Baada ya majuma machache panya hurudi; na panya wakirudi, watu hutega sumu, ambayo ni hatari katika nyumba yenye watoto. Kwa hiyo swali la kwa nini paka huacha mahali pake pa haja si dogo. Makala haya yanaeleza majibu yake, na jinsi mwanafunzi awezavyo kuyatafuta.

Asili ya tabia ya kufukia

Paka wa nyumbani ni wa uzao wa paka-mwitu aitwaye Felis lybica, ambaye hadi leo anaishi katika Afrika, Tanzania ikiwamo. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mababu wa paka wanaofugwa walitoka Mashariki ya Kati, katika nchi kavu. Mnyama wa nchi kavu hutunza maji: figo za paka hutoa mkojo mzito wenye urea nyingi. Vilevile huchagua udongo mkavu na laini, huchimba, hujisaidia, kisha hufukia. Tabia hii huzaliwa nayo. Haifundishwi kwa kiboko.

Katika mashamba ya milima ya Uluguru paka hupata udongo wa namna hiyo hatua chache kutoka mlangoni. Msamvu ua mwingi umetiwa saruji, na wakati wa masika udongo uliobaki hujaa maji. Hapo paka hutafuta kitu kingine kinachofanana na udongo laini: rundo la nguo, godoro, au jivu la jikoni.

Sababu kuu tatu

Kwanza ni ugonjwa. Kibofu kikiwa na uvimbe, au mkojo ukiwa na vijiwe, paka huona maumivu akojoapo. Huhusisha maumivu hayo na mahali alipokuwa, naye hupakimbia. Paka dume yu katika hatari zaidi kwa kuwa mrija wake wa mkojo ni mwembamba. Dume anayechuchumaa mara kwa mara, akilia, bila kutoa mkojo, huenda mrija umeziba. Potasiamu na taka nyingine hujaa katika damu yake, moyo hulegea, naye aweza kufa katika siku chache. Huyo hapaswi kungojwa hadi kesho. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Wakazi wa Morogoro wana bahati, kwa maana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilicho katika mji huo huo, hufundisha udaktari wa wanyama.

Pili ni ubaya wa mahali penyewe. Beseni la mchanga lisilosafishwa, lililowekwa karibu na chakula, penye kelele, au linalogombaniwa na paka wawili, hukataliwa. Kanuni inayofuatwa na madaktari ni kuweka mabeseni yanayozidi idadi ya paka kwa moja.

Tatu ni kuweka alama. Dume asiyehasiwa hurusha mkojo kidogo ukutani ili kuwatangazia paka wengine mipaka yake. Dalili zake ni dhahiri: anayeweka alama husimama na kuinua mkia, na mkojo huwa ukutani, anayejisaidia huchuchumaa, na mkojo mwingi huwa sakafuni. Kumhasi dume hupunguza sana au hukomesha tabia hiyo kwa madume walio wengi.

Kemia ya harufu

Mkojo mpya wa paka hauna harufu kali kama ule wa jana. Bakteria wana kimeng'enya kinachovunja urea:

CO(NH₂)₂ + H₂O → 2NH₃ + CO₂

Amonia hiyo ndiyo inayochoma pua. Harufu iliyobaki humwita paka arudie mahali pale pale. Basi kusafisha ni sehemu ya tiba. Mkojo ukaushwe kwa kitambaa, mahali paoshwe kwa sabuni na maji, kisha pafutwe kwa siki, kwa sababu asidi ya siki huzimua amonia.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isimwagwe juu ya mkojo: klorini na amonia huzaa gesi inayodhuru mapafu. Dawa za aina ya fenoli nazo ziepukwe, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuondoa sumu hiyo vyema.

Jaribio

Mwanafunzi mwenye paka mzima asiye na dalili za ugonjwa aweza kufanya jaribio hili kwa siku 14.

1. Chukua mabeseni mawili yanayolingana. Katika moja tia mchanga laini na mkavu wa mtoni, katika jingine pumba za mpunga, kina cha vidole vinne.
2. Yaweke mahali patulivu, mbali na chakula. Ondoa uchafu kila siku.
3. Andika kila siku paka ametumia beseni lipi, au amechafua wapi.
4. Baada ya siku 7 badilisha nafasi za mabeseni.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha jaribio. Bila hiyo haiwezekani kujua kama paka alichagua mchanga au alichagua pembe ya chumba. Jambo moja tu hubadilishwa kwa wakati mmoja.

Tahadhari ya afya

Kinyesi cha paka chaweza kuwa na mayai ya kimelea Toxoplasma gondii, kilichogunduliwa Tunis mwaka 1908. Mayai hayo huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Ndiyo maana uchafu huondolewa kila siku. Mikono ioshwe kwa sabuni, na kazi hii asipewe mama mjamzito, kwa kuwa kimelea hicho chaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Hitimisho

Paka aliyepigwa hajifunzi mahali pa kwenda. Hujifunza kumwogopa mpigaji, na kujificha zaidi. Kwanza atazamwe, kisha mahali pake patazamwe, na mwisho ndipo tabia yake itafutiwe dawa.

Maswali

1. Eleza kwa nini harufu ya mkojo wa paka huzidi baada ya siku moja.
2. Paka dume amekojoa kidogo mara tatu ukutani, karibu na dirisha. Jirani ana dume jingine. Toa maelezo yanayoelekea kuwa sahihi, na utaje jinsi utakavyoyathibitisha.
3. Katika jaribio, paka alitumia mchanga siku zote 14. Je, matokeo yangekuwaje kama angekuwa anachagua pembe ya chumba tu?